Mahindi hayangoji: kazi za siku ile ile baada ya kuvuna

Mkulima akishabeba mahindi kutoka shambani, mwili unamwambia kazi imekwisha. Anayamwaga sebuleni au kwenye kona ya stoo, anasema atayaanika wiki ijayo akishapumzika. Hasara kubwa ya mahindi katika nyumba zetu huanzia kwenye wiki hiyo moja.

Hindi linapokomaa bado lina maji mengi, karibu theluthi moja ya uzito wake. Ili likae ghalani salama linatakiwa lishuke hadi unyevu wa asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muda wote kabla halijafika hapo, kuvu na wadudu wanafanya kazi, hata siku ambayo wewe umelala.

Kukomaa kunapimwa, hakukisiwi. Toa punje katikati ya gunzi, kwangua kitako chake kwa ukucha. Ukiona doa jeusi, punje hiyo haiongezeki tena uzito. Unaweza kuyaacha mahindi shambani siku chache yapungue maji kama jua ni kali, lakini kuyaacha mwezi mzima kwa sababu una shughuli nyingine ni kuwakaribisha fukusi. Fukusi huruka hadi shambani na kutaga yai ndani ya punje, na kwenye joto letu yai hilo huwa mdudu kamili kwa takriban wiki tano. Ndiyo maana mtu anaona vumbi kwenye gunia mwezi mmoja baada ya kuhifadhi na kulaumu ghala, wakati wadudu aliwabeba mwenyewe kutoka shambani.

Dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Skania, ni mbaya zaidi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Anapenda punje ikiwa bado imeshikwa na gunzi, kwa kuwa inatulia anapoitoboa. Kila siku unayochelewa kupukuchua unamwachia meza ikiwa imeandaliwa.

Tukisema ukweli, wengi hawaahirishi kwa uvivu. Wanasubiri mashine ya kupukuchulia iliyoko kijiji cha pili, wanasubiri hela ya mifuko, wanasubiri turubai aliloazima jirani. Kwa hiyo hivyo vitu vitafutwe kabla ya kuvuna. Turubai la mita 4 kwa 6 linatosha magunia 8 hivi ya kilo 100 kwa mara moja, punje zikitandazwa kwa unene wa sentimita 5. Ukiwa na magunia 30, ama ongeza maturubai au vuna kwa mafungu. Usivune kwa siku moja mzigo ambao huna pa kuuanika.

Siku ya kuvuna, menya maganda na uchambue hapo hapo. Gunzi lililooza, lililotobolewa na funza au lenye ukungu wa kijani na manjano litengwe, lisirudi kwenye lundo hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Kamwe usianike juu ya udongo mtupu: kuvu inayotengeneza sumukuvu inaishi kwenye udongo, na unyevu wa ardhi unarudi kwenye punje usiku.

Anika kuanzia saa 3 asubuhi umande ukishakauka, geuza kila baada ya nusu saa au saa moja, na anua saa 10 jioni kabla hewa haijapoa. Mvua moja ya usiku inafuta kazi ya siku tatu.

Wengine wanakimbilia kupukuchua mahindi yakiwa bado mabichi ili wamalize haraka. Hapo haraka inaharibu. Punje laini inapasuka kwenye mashine, na zaidi ikipigwa kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka haina ngozi ya kuilinda, kuvu inaingia moja kwa moja. Kausha kwanza yakiwa kwenye magunzi hadi punje ibanduke kwa kidole gumba bila kuacha nyama, pukuchua, pepeta, kisha rudisha punje juani.

Usitegemee jino kujua kama yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na chumvi kavu. Chumvi ikiwa na unyevu ikaange kidogo kwenye sufuria, iache ipoe. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15: rudisha juani siku hiyo hiyo. Kuta zikibaki safi, mahindi yako chini ya hapo, lakini yape jua la siku moja au mbili zaidi ndipo uyafunge.

Tunajua kuna kishawishi cha kuuza yakiwa na maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikauka hadi 13 zinabaki kilo 92 hivi. Mtu anaona amepoteza kilo nane, kumbe ni maji, na hayo ndiyo yangeozesha zile 92.

Na kinachooza si mahindi peke yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, wengi wakiwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao yaliyowekwa ndani kabla hayajakauka. Mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Sumu hii inashambulia ini, na haiondoki kwa kupika ugali muda mrefu. Kukoboa kunapunguza, maana sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini pumba zile wanapewa ng'ombe, na sumu inarudi mezani kupitia maziwa.

Yakishakauka, yaache yapoe kivulini, halafu yafunge siku hiyo. Kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kagua kwanza ile mifuko miwili ya plastiki iliyo ndani ya gunia la nje: ijaze hewa, ibane mdomo, sikiliza kama inavuja. Jaza huku ukitikisa ili hewa itoke, acha sentimita 30 juu, sokota, kunja, funga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo watamaliza hewa na kufa bila dawa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Mahindi ya mwaka jana yasichanganywe na haya, na ghala lifagiliwe kabla, si baada. Mifuko hii haiondoi sumu iliyokwisha kuingia, wala haikaushi mahindi mabichi.

Kama unasoma haya na magunia yako yameshafungwa bila kupimwa, fungua moja sasa hivi. Penyeza mkono hadi katikati. Ukisikia joto au unyevu, au harufu ya uvundo ikikupanda puani, yatoe yote leo kabla jua halijazama, tandaza kwa unene mdogo, chambua punje zilizobadilika rangi, kisha anza tena na chupa na chumvi. Zile mbovu zifukie; usiwape kuku.