Visahani vya Kikorea Unguja: Nenda na Watu wa Sinia Moja

Ukisikia kuna mgahawa wa muda wa Kikorea hapa Unguja, kabla ya kuuliza bei amua kwanza utakaa na nani. Mpishi amekodi dari ya nyumba Shangani au ukumbi wa hoteli ndogo Paje kwa usiku mmoja au mwisho wa wiki. Analeta visahani kimoja kimoja, na kila kimoja kina tonge tatu au nne tu. Chakula cha namna hiyo kinataka watu wanaokula sinia moja bila kuhesabiana. Mimi huenda na ndugu zangu na wifi yangu, kwa sababu kwetu hakuna anayesema "hiki changu".

Nyumbani kwa Wakorea kila mtu ana wali wake na supu yake, lakini vitoweo na visahani vya pembeni, wanavyoviita banchani, hukaa katikati na kila mtu huchukua. Aliyekula biriani ya harusini na achari na kachumbari zake anaujua utaratibu huo tangu utotoni. Tofauti iko kwenye bili. Katika migahawa ya Korea banchani huongezwa bure ukiomba. Kwenye mgahawa wa muda hapa kwetu kila kisahani kina bei yake. Wawili wakiagiza kila mtu chake watalipa fedha nyingi na bado watapitia Forodhani kutafuta mishikaki. Wanne wakiagiza visahani sita au saba na bakuli kubwa la wali mweupe, wanaonja karibu kila kitu na wanashiba. Wali uagizeni mwanzo, msisubiri pilipili iwashike.

La pili ni halali, na hapa nakuomba usione haya. Nafasi huwekwa kwa wasap na mara nyingi unatakiwa kutanguliza malipo, kwa hiyo uliza kabla hujatuma pesa. "Hatupiki nguruwe" ni jibu la nusu. Wapishi wengi wa Kikorea hutia soju, pombe kali ya Kikorea, au mvinyo wa mchele kwenye nyama ili kukata shombo na kuilainisha. Gochujangi, lile rojo jekundu la pilipili, mchele na soya iliyochachushwa, linalouzwa madukani mara nyingi limetiwa alkoholi kidogo ili lisiharibike, ingawa lipo pia lenye alama ya halali. Uliza nyama imechinjwa na nani. Uliza kama mandu, vile vya unga vinavyokunjiwa nyama ndani kama sambusa, vinakaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kitu kingine. Mpishi mmoja alinipigia picha chupa zake zote za sosi akanitumia, na tangu hapo nimekuwa nikimsifia kwa kila mtu. Mwingine akikujibu kwa mkato, kaa nyumbani. Na ikiwa kuna mwenzenu anayedhurika na kamba, semeni mapema, maana kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, kwa kawaida hutiwa kamba wadogo wa chumvi au sosi ya samaki, hata kama kwa macho ni mboga tupu.

Kimchi yenyewe ianzeni. Ndiyo itakayokuonesha kama mpishi anajua kazi yake. Achari yetu uchachu tunautia kwa ndimu, siki au embe. Kimchi hujichachua yenyewe, bakteria wakigeuza sukari ya kabichi kuwa asidi ndani ya chumvi. Kwa joto letu siku moja au mbili nje ya friji zinatosha, kwa hiyo mpishi aliyefika jana anaweza kukupa kimchi iliyoiva. Nimekula ya papai bichi, ikanifurahisha kuliko ya kabichi: inabaki na mkwaruzo wake na pilipili haiifuniki. Ya embe bichi naona ni kachumbari nzuri iliyopewa jina la kimchi.

Kwenye vyakula vya kuchanganya, kipimo changu ni kimoja: kitu chetu kilichotiwa humo bado kina ladha yake? Pweza anapita mtihani huu. Wakorea nao wanampenda kwa pilipili, na akichemshwa vizuri, akapakwa gochujangi, akamaliziwa kwa tui zito la nazi, ukali unashuka na utamu wa pweza unabaki juu. Kisahani hicho kiagizeni viwili. Tokboki, vipande vya unga wa mchele ndani ya sosi nyekundu, hutafunika kama vipopoo, na watoto huvipenda ilimradi pilipili ipunguzwe. Bulgogi ni nyama ya ng'ombe yenye soya, sukari na ufuta, hakuna asiyeipenda. Ninachokikataa ni karafuu kutiwa kila mahali kwa sababu tu tuko Zanzibar. Karafuu ni yetu na ina mahali pake kwenye pilau, lakini juu ya soya iliyochachushwa inaua kila kitu.

Mkiona kwenye orodha ya vyakula pameandikwa mwani wa Paje, ulizeni ni upi. Ule mweusi mkavu unaozungushiwa wali huitwa gimu na ni aina nyingine kabisa. Mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani tangu 1989 huuzwa nje kutengenezea karajinani, kiungo cha kugandisha vyakula. Huo wetu ukiletwa mbichi kama kachumbari, wenye ndimu na ufuta, uleni. Ni mzuri, na anayeununua kutoka kwa mkulima hapa hapa anastahili fedha zenu.

Vijiti visiwatishe. Wakorea wenyewe wali wanaula kwa kijiko. Msivisimamishe tu ndani ya bakuli la wali, kwao ni ishara ya msiba. Na mkubwa wa meza aanze kula kwanza, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuambiwa.

Mwisho wa usiku mpishi huwa na kimchi iliyobaki na hataki kuisafirisha. Mwombeni awauzie. Itieni kwenye chupa isiyojaa, wekeni friji, na mfungue kifuniko kila siku gesi itoke. Ikizidi kuchacha, ikateni vipande vidogo, ikaangeni na kitunguu, mtie wali wa kiporo na yai juu. Wakorea nao huupika hivyo hivyo, kwa wali uliolala.