Mtoto wa miezi 9 kutafuta kitu mahali kisipokuwepo si kukosa akili

Dada mleta mada, umesema mwanao alikuona ukificha njuga chini ya kitambaa cha kulia, lakini akafunua cha kushoto ulikoificha mara za mwanzo. Mama mkwe anasema mtoto hana akili. Mimi nafanya fiziotherapia ya watoto, na wanangu wote wamepita hapo. Kwa umri huo ni kawaida kabisa.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza watoto, alidhani mtoto wa hivyo bado hajaelewa kwamba kitu kikifichwa kinaendelea kuwepo. Mwaka 1999 Linda Smith na Esther Thelen wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walionyesha, pamoja na wenzao, kwamba mtoto akifichiwa upande wa kwanza akiwa amekaa, kisha akasimamishwa kabla ya kufichiwa upande wa pili, kosa hupungua sana. Kusimamishwa tu! Kama tatizo ni kutoelewa, kusimama kumemfundisha nini? Mkono umezoea njia yake, macho yameona kwingine, na kumbukumbu inafifia ndani ya sekunde chache. Mwili ukibadili mkao, yale mazoea ya mkono hulegea. Nilimjaribu kitindamimba wangu: mkono ulianza kwenda kushoto, ukasita hewani, kisha ukaenda kulia. Pale ndipo niliona akili ikitengenezwa, na haikuwa kichwani peke yake.

Miguu nayo ni hivyo hivyo. Kichanga ukimshika kwapani nyayo ziguse meza, hupiga hatua. Akikaribia miezi 2 huacha, na chuoni tulifundishwa kwamba ubongo umekomaa ukazima hatua hizo. Mwaka 1984 Thelen na wenzake waliwashika watoto ndani ya maji hadi kifuani, hatua zikaongezeka. Walipowafunga vizito miguuni, zikapungua. Kumbe miguu ilikuwa imenenepa kuliko nguvu ya misuli!

Ndiyo maana siamini kwamba akili hukaa ndani imekamilika ikisubiri siku ya kutoka. Inazaliwa pale macho, mikono, uzito wa mwili na watu wanaomshika mtoto vinapokutana kila siku. Basi mweke chini kwenye mkeka, afikie vitu, aanguke kidogo. Katika umri wa miezi 9 mimi humpeleka kwa daktari mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, au asiyegeuka akisikia sauti. Wako umesema anakaa na anageuka akiitwa.