Re: Mzee kapata mshtuko wa moyo, sasa anahema vibaya

Pole sana ndugu. Umesema mzee alikuwa anaendelea vizuri, leo siku ya 4 tangu mshtuko wa moyo ghafla akilala hapumui vizuri na dokta kasikia mlio mpya kifuani, aisee hiyo sio gesi ya tumbo. Nyama ya moyo iliyokosa damu inalainika kama ndizi iliyoiva kupitiliza, ndani ya wiki ya kwanza inaweza kuchanika, ama msuli unaoshika valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) unakatika damu inarudi mapafuni ama ukuta wa kati wa moyo unatoboka, na tundu halizibwi na vidonge. Ombeni eko leo leo, ni ultrasaundi tu ya moyo, inafanyika hapo hapo kitandani, na muulizie rufaa ya upasuaji, kwa Dar ni JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) pale Muhimbili. Msimlaze chali, mwinueni kwa mito. Na ile mizizi ya dawa ya kienyeji uliyosema ya shangazi, wekeni pembeni kwanza.