Shahada ya sayansi ya ukokotozi: msianze na kununua kompyuta

Mkuu, umeuliza chuo chenu kianzie wapi na shahada ya uzamili ya sayansi ya ukokotozi, yaani kutatua matatizo ya sayansi kwa hisabati na kompyuta, na kama fedha mliyopata iende kwenye kompyuta kubwa. Nilikuwa kwenye kamati ya mtaala wa aina hiyo, kisha nikaufundisha. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kompyuta ziwe za mwisho. Sisi tulinunua seva kabla mtaala haujapita Seneti. Ikakaa kwenye boksi mpaka waranti ikaisha, maana kwenye bajeti hatukuweka kiyoyozi wala fundi wa kuitunza. Wanafunzi wa kwanza walisomea kwenye kompyuta mpakato zao, kwa programu za kukokotolea za Python na Octave ambazo ni za bure, na zoezi halikukwama hata moja.

Kazi ngumu ni idara. Hisabati walisema shahada ni yao, Fizikia wakasema yao, Kompyuta vilevile. Kila mmoja akachomeka kozi zake za zamani, tukapata mtaala wa viraka. Tuliufuta wote. Kilichotuokoa ni kozi moja ya muhula mzima yenye walimu wawili darasani: mwanahisabati, na mtu wa fani nyingine anayeleta tatizo halisi la kazi yake. Wa kwetu alikuwa mhandisi wa maji. Alileta vipimo vya kina cha mto, na siku za mafuriko zilikuwa tupu kwa sababu kipimo chenyewe kilisombwa na maji. Vijana walibishana wiki tatu: siku zile tuzijaze vipi bila kujidanganya? Hapo ndipo nilipoona wanaanza kuwa wanasayansi.

Halafu, nakuomba sana, kozi ya makosa ya ukokotozi msiipunguze. Mimi huanza na Dhahran, Saudi Arabia, Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Mtambo wa Patriot, wa Marekani wa kutungua makombora, ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja ambazo kompyuta hutumia. Baada ya takriban saa 100 bila kuzimwa, saa yake ilikuwa imepotoka kwa theluthi ya sekunde. Kombora la Scud la Iraq likapita bila kutunguliwa, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Darasa huwa kimya kabisa.

Kuhusu ithibati ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, waajiri waoneni kabla ya kuandika rasimu. Sisi tuliwafuata mwishoni, tukarudi kuandika upya malengo ya kozi nne.