Maswali na Majibu: Sauti Inavyobanwa Kabla ya Kurushwa kwa Bluetooth

Je, ni lazima muziki ubanwe, na kinachopotea ni nini?

Ni lazima. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, na kwa kuwa pande ni mbili, kushoto na kulia, kila sekunde huhitaji takriban kilobiti 1,411, mzigo ambao njia ya kawaida ya Bluetooth haiwezi kuubeba bila sauti kukatika. Kodeki, yaani programu inayobana sauti na kuifungua tena, hupunguza mzigo huo kwa kuigawa sauti katika mikanda ya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha kuzielekeza biti kule ambako sikio litahisi upungufu upesi. Ngoma inapopigwa kwa kishindo, mvumo hafifu wa masafa ya jirani hufunikwa kwa muda mfupi, na kodeki nzuri hubania biti hapo hapo.

Simu yangu ina LDAC, spika yangu haina. Nasikia kodeki ipi?

Unasikia ile ambayo vifaa vyote viwili vinaielewa, na mara nyingi hiyo ni SBC, kwa kuwa kila kifaa cha muziki cha Bluetooth ya kawaida hulazimika kuwa nayo. Usiidharau, kwani ikipewa kilobiti 328 kwa sekunde hutoa sauti safi ya kuridhisha. LDAC ya Sony hufikia 990, lakini mawimbi yakidhoofika inaweza kushuka hadi 330, kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haikuhakikishii chochote. Katika simu nyingi za Android, kodeki inayotumika huonekana kwenye chaguo za wasanidi programu.

Kwa nini muziki huharibika ghafla ninapojiunga na mkutano wa mtandaoni?

Swali hili hunigusa, kwa sababu watu wengi hutupa visikilizio vizima wakidhani vimekufa. Maikrofoni ya visikilizio inapowashwa, kompyuta huiacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo hubeba sauti kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, hivyo pande mbili huwa moja na vipimo hushuka hadi 16,000 kwa sekunde, au 8,000 katika vifaa vya zamani. Masafa yanayoweza kuhifadhiwa hayazidi nusu ya idadi hiyo ya vipimo. Sikiliza matoazi, au herufi "s" katika neno "sisi": mng'ao wake hutoweka na kubaki kama umefunikwa blanketi. Chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe katika mipangilio, nawe utaona muziki ukirudi papo hapo.

Nikigeuza MP3 zangu kuwa FLAC, zitasikika vizuri zaidi?

Hapana. FLAC huhifadhi kila ilichopewa, lakini haiwezi kurejesha kilichokwisha kukatwa na MP3, na kwa kawaida simu huifungua faili yoyote ile kwanza, kisha huibana upya kwa kodeki ya Bluetooth. Tafuta nakala iliyotoka moja kwa moja kwenye CD, na MP3 zako uziache kama zilivyo.