Pengo la miaka mitano kwenye wasifu wa kazi

SWALI: Nina stashahada ya uhasibu. Niliacha kazi miaka mitano iliyopita ili nilee. Sasa nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Natafuta kazi itakayoniwezesha kuwa nyumbani jioni. Wakala mmoja ananiambia bila barua ya uzoefu ya kuziba miaka hiyo siwezi kuitwa popote. Anataka laki moja na nusu, anitengenezee barua na kuniingiza kwenye mradi wa gesi. Nilipe?
– Mama wa wawili, Raha Leo, Lindi

JIBU: Usilipe, dada yangu. Kama umeshatanguliza chochote, hicho kimeliwa.

Kulea si kosa la kufichwa. Kwenye wasifu wako andika mstari mmoja tu, mwaka ulioacha kazi hadi sasa, "malezi ya familia", kisha endelea. Sisi tunaopitia maombi pengo hatuliogopi. Tunachotaka kujua ni kama bado unaweza kufunga hesabu za mwezi, kutumia mashine ya risiti ya EFD na kupeleka ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya mwezi) kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Hayo unaweza kuyanoa wiki chache kwenye duka la ndugu.

Barua ya kughushi ndiyo inayotukera. Nazipokea kila mara, nyingine mihuri yake inafanana ingawa kampuni ni tofauti! Wanaoziuza hawawaambii wateja wao kwamba kazi rasmi huacha alama. Barua ikisema ulikuwa mhasibu mahali fulani miaka mitatu, nitakuomba taarifa ya michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Miezi ikiwa mitupu, hapo sioni tena mama aliyekuwa analea, namwona mhasibu anayeghushi nyaraka. Nani atamkabidhi vitabu vyake? Tena kughushi ni jinai. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa wamekaa kazini miaka mingi.

Kuhusu jioni: usitafute tangazo lenye maneno "rafiki kwa familia", hutalipata Lindi wala Mtwara. Ulizia saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili hiyo. Lisemee hilo kabla ya kusaini mkataba. Shule binafsi na maduka ya jumla yanayohitaji mtu wa vitabu siku mbili tatu kwa wiki yanakufaa zaidi. Chama cha msingi cha korosho nacho kitakuvutia, maana kinaonekana kimepoa mwaka mzima. Subiri Oktoba, minada ianze na wakulima wafuate malipo yao, uone kama utaonana na wanao jioni.

Hawa mawakala sasa wamezidi. Mradi wa gesi wa Likong'o, hapo hapo Lindi, umezungumzwa miaka nenda rudi, na wao walishaanza "kuajiri" watu kabla hata msingi haujachimbwa. Kanuni za mawakala wa ajira za 2014 zinakataza kumtoza mtafuta kazi ada. Anayelipa ni mwajiri. Kazi za serikali zinaombwa kupitia tovuti ya Ajira Portal, bure. Kwa hiyo ukiombwa hela ya fomu, ya usajili, ya kupima afya au ya "kumwona mkubwa", ujue ofa imeishia hapo. Wanawawinda zaidi akina mama waliokaa nyumbani, kwa sababu wanajua wengi wameshaaminishwa kwamba wamepitwa. Namba ya huyo wakala ipeleke polisi, na kama ana meseji alizokutumia, usizifute.