Maswali na Majibu: Alf Common, Mchezaji wa Pauni 1,000

Niliposema hapa kwamba mchezaji wa kwanza duniani kununuliwa kwa pauni 1,000 ni Alf Common, Februari 1905, mmeniandikia wengi. Nayajibu yale yaliyojirudia.

Huyu Common alitokea wapi? (Msomaji, Tanga)

Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Alizaliwa huko 1880, na klabu ya mji huohuo ikamsajili mwaka 1900. Mwaka uliofuata akaenda Sheffield United, na 1902 wakatwaa Kombe la FA mbele ya Southampton. Fainali ya kwanza ilikwisha 1-1, bao la Sheffield akifunga yeye, ikabidi irudiwe. Mwaka 1904 akarudi nyumbani Sunderland, lakini hata msimu haukuisha, Middlesbrough wakabisha hodi na fedha zao.

Middlesbrough waliona nini hadi watoe fedha zote hizo? (Msomaji, Mombasa)

Waliona shimo la kushuka daraja. Walikuwa wamepanda Daraja la Kwanza, wakati huo daraja la juu kabisa, 1902, wakafungua uwanja mpya wa Ayresome Park 1903, na sasa wanahangaika mkiani. Ugenini walikuwa hawajaonja ushindi kwa karibu miaka miwili.

Mechi yake ya kwanza ikaangukia ugenini, tena Bramall Lane, kwa Sheffield United walewale aliochukua nao kombe. Boro, yaani Middlesbrough, wakapata penalti, na mpigaji akawa Common. Siku hizo kipa hakulazimika kubaki mstarini, aliruhusiwa kumsogelea mpigaji hadi yadi 6 kutoka golini. Sheria ya kumfunga kipa kwenye mstari ilikuja miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1905. Basi mvute picha mtu aliyenunuliwa kwa bei isiyowahi kusikika, mbele ya mashabiki waliokuwa wakimshangilia juzi tu, na kipa anamjia. Akafunga. Mechi ikaisha 1-0, na mwisho wa msimu Boro wakabaki Daraja la Kwanza. Waliolalamika kwamba fedha zimetupwa, na walikuwa wengi, mimi sikubaliani nao.

Yeye mwenyewe aliondoka na shilingi ngapi? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Zile pauni 1,000 zilikwenda Sunderland. Tangu 1901 chama cha soka, FA, kilikuwa kimeweka ukomo wa mshahara: pauni 4 kwa wiki, hata uwe nyota wa namna gani. Siwezi kusema alikuwa na njaa, maana fundi mwenye ujuzi wake hakufikisha hata pauni 2. Lakini piga hesabu: dau lake ni sawa na mshahara wa wiki 250, karibu miaka mitano ya jasho.

Na hakuwa na pa kwenda. Klabu iliyoshika usajili wako iliweza kukung'ang'ania hata mkataba ukiisha, na hakuna nyingine iliyoruhusiwa kukuchukua bila ridhaa yake. Wachezaji waliunda chama chao Manchester mwaka 1907 kupigania haki hizo, lakini ukomo wa mshahara uliondolewa 1961 tu, na ule mfumo wa kung'ang'ania wachezaji ukavunjwa nguvu mahakamani 1963 katika kesi ya mchezaji George Eastham. Common hakuishi kuyaona hayo, na mimi hili linaniuma hadi leo.

FA walikaa kimya tu bei zikipanda? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Januari 1908 waliamuru dau lisizidi pauni 350. Amri hiyo haikumaliza hata nusu mwaka, ikafutwa.

Aliishia wapi? (Msomaji, Kigoma)

Boro alikaa hadi 1910, akaenda Woolwich Arsenal, klabu ambayo leo mnaiita Arsenal tu, kisha Preston North End 1912. Msimu huo wa 1912-13 Preston wakawa mabingwa wa Daraja la Pili, wakapanda. Timu ya taifa ya England aliichezea mechi 3, akafunga mabao 2. Viatu alitundika 1914. Baada ya hapo aliendesha baa huko Darlington, mwendo mfupi tu kutoka Middlesbrough, akawahudumia wateja hadi 1943. Alifariki mjini humo Aprili 1946.